Shangazi wa Matangi na Watoto wa Mwamba wa Juu

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi kamili alasiri, fundi mkuu wa matangi wa kituo chetu atatia saini daftari la mahudhurio kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa kazini. Hizo siku tisa amezihesabu mwenyewe. Ofisi ya utumishi ilipotaka kuziacha ili kurahisisha fomu, aliirudisha fomu ikiwa na mstari mwekundu. Anayemfahamu hashangai. Mtu aliyetumia zaidi ya nusu ya maisha yake kuhesabu konokono wadogo kama punje za mchele hawezi kukubali siku tisa zipotee hivi hivi.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa kuwa nimefanya naye kazi muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote aliyebaki hapa. Nilikubali haraka, kisha nikakaa wiki mbili bila kuandika neno. Sababu mtaiona mbele ya safari.

Alikuja akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, kwa mkataba wa miezi sita, kufanya usafi. Mama yake alikuwa mshonaji wa sare za shule, na binti alikulia kando ya cherehani, akipanga vifungo kwa ukubwa na rangi, akijifunza kwamba kukosea kwa upana wa kidole kimoja kunatosha kuharibu shati zima. Jicho hilo alikuja nalo kazini. Siku ya nne, ndoo mkononi, alimwendea mtafiti wa zamu akamwambia kwamba pampu ya tangi la pili inalia tofauti na jana, na konokono wote wamepanda juu ya kioo kama watu waliosikia habari mbaya. Mtafiti alicheka. Haikupita saa moja, pampu ikafa. Siku ya tano mwanamke huyo alikabidhiwa daftari na kipimajoto, na fagio likapewa mtu mwingine.

Jina la Shangazi alilipata mwaka wake wa tatu. Mgeni mmoja wa heshima alikuwa akitembezwa kwenye banda la matangi, akamwuliza kwa mzaha kama yeye ndiye mama wa konokono wote wale.

"Hapana, mheshimiwa," akajibu, "mama zao wamo humo humo, nawajua kwa namba. Mimi ni shangazi yao tu. Nawalisha, nawagombeza, na siku ya ndoa lazima niulizwe."

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina la kwenye fomu, hata mkurugenzi. Na alisema kweli, maana hakuna konokono aliyewahi kupata mwenzi ndani ya banda lile bila idhini yake.

Sasa niwaelezee ndugu zetu wa uhasibu na usafirishaji, ambao kila mwaka huniuliza kwa upole ni nini hasa tunachofanya na konokono hawa. Chini ya kituo kuna miamba. Juu kabisa, karibu na ngazi zetu, upo mwamba ambao maji huufikia kwa saa chache tu yanapojaa. Saa saba mchana jiwe lake huunguza unyayo. Hatua thelathini kutoka hapo, kuelekea baharini, upo mwamba wa chini, ambao karibu kutwa nzima umefunikwa na maji, una ubaridi, una mawimbi, na una kaa wanaovunja magamba kama sisi tunavyovunja karanga. Konokono wa aina moja wanaishi kote kuwili. Hatagi mayai ya kuelea baharini huyu. Huzaa watoto wadogo sana waliokwisha kuvaa gamba, na wengi wao huishi na kufa pale pale walipozaliwa.

Ukiwachukua wa mwamba wa juu ukawatia kwenye maji yanayopashwa moto polepole, hung'ang'ania kioo mpaka nyuzi arobaini na mbili. Wa mwamba wa chini huachia mapema, nyuzi thelathini na nane tu, wakaanguka chini kama vifungo. Swali lililokisumbua kituo chetu lilikuwa hili: wale wa juu wamekuwa wagumu kwa sababu wamekulia kwenye joto, kama kiganja kinavyoota sugu kwa jembe? Au wamezaliwa hivyo?

Mkuu wa kituo wa wakati huo, ambaye sote tulimwita Profesa tu kana kwamba dunia nzima ina mmoja, alikuwa na jibu tayari. Alikuwa amelifundisha kwa miaka kumi na miwili. Alipenda kuegemea mlango wa banda, miwani juu ya paji la uso, na kutuambia kwamba mambo yote yapo kwenye methali moja, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ukimlea konokono kwenye baridi atakuwa wa baridi, ukimlea kwenye joto atakuwa wa joto. Alikuwa mwalimu mzuri na mtu wa haki, hilo naliandika mapema ili nisije nikaeleweka vibaya.

Ili kulithibitisha jambo hilo, Shangazi alipewa kazi ya kuwalea watoto wa pande zote mbili ndani ya maji ya baridi ile ile, kwa miaka miwili. Kama Profesa alikuwa sahihi, wote wangeachia kioo kwenye nyuzi sawa. Hawakuachia sawa. Watoto wa mwamba wa juu, ambao hawajawahi kuliona jua hata la dirishani, waling'ang'ania kama wazazi wao. Shangazi alirudia kipimo mara tatu kabla ya kumwonyesha Profesa daftari.

"Umechanganya matangi, mama," Profesa akasema.

"Sikuchanganya, Profesa."

"Mtoto umleavyo..."

"Hiyo ni methali, Profesa. Matangi hayajasema hivyo. Tena hata methali zenyewe hazielewani. Ipo nyingine isemayo mtoto wa nyoka ni nyoka."

Watu waliokuwapo walijizuia kucheka. Ingekuwa heri wangecheka, labda mambo yangeishia hapo. Profesa alichunguza kumbukumbu za banda akagundua kwamba miezi mitano kabla ya kipimo kile kuta zilipakwa rangi, na siku hiyo mifuniko ya matangi, yenye lebo, iliondolewa ikawekwa sakafuni. Wazazi walikuwa na alama migongoni, lakini watoto walikuwa wadogo mno, hawakuwa na alama yoyote isipokuwa ile lebo ya mfuniko. Kikaitishwa kikao.

Siku ya kupaka rangi kulikuwa na watu wawili tu bandani zaidi ya mafundi wa rangi. Mmoja ni Shangazi. Wa pili ni mimi, mtafiti mchanga mwenye mwaka mmoja kazini, ninayesubiri saini ya Profesa kwenye barua ya kuthibitishwa.

Niliulizwa swali moja: je, niliiona mifuniko ikiwa sakafuni? Nikajibu ndiyo. Ilikuwa kweli tupu. Lakini nilikuwa nimeona zaidi ya hapo. Nilimwona Shangazi akiweka mfuniko mmoja mmoja mbele ya tangi lake, akiuzungushia chaki kwenye sementi ili hata ukipigwa teke ujulikane kwao ni wapi. Hilo sikuulizwa, na mimi sikulisema. Nilitazama meza. Karani akaandika kwamba shahidi amethibitisha mifuniko ilikuwa sakafuni, nami nikatia saini.

Shangazi alipewa barua ya onyo iliyoeleza kwamba kwa uzembe wake miaka miwili ya utafiti imepotea. Akahamishiwa stoo. Profesa akawaandikia wenzake wa vyuo vingine kwamba wasisubiri matokeo yetu, kwa kuwa fundi alichanganya vielelezo. Mimi nikathibitishwa kazini mwezi uliofuata.

Stoo yetu ya zamani ilikuwa nyuma ya karakana, chumba kirefu chenye paa la bati na dirisha moja lililojaa utando wa buibui. Mtu mwingine angekaa humo akihesabu glavu na kuhesabu siku. Shangazi alikaa wiki moja. Wiki ya pili akapeleka ombi la maandishi la kutumia vifaa vibovu vilivyoandikiwa kutupwa: mabeseni sita yaliyopasuka midomo, birika la umeme lisilo na mfuniko, na friji moja kubwa iliyokufa. Profesa alilisaini bila kulisoma, kama anavyosaini ruhusa za getini.

Mumewe ni fundi wa mafriji. Bwana huyu, ambaye wengi mnamjua kwa kicheko chake kinachotangulia mlangoni kabla yake, alikuja Jumapili moja na mkoba wa zana, akailaza friji chali kama jeneza, akaifufua. Mabeseni yakapangwa ndani yake. Kile kidude cha ndani kinachoizima na kuiwasha yenyewe kikarekebishwa mpaka maji yakatulia kwenye nyuzi ishirini usiku na mchana. Shangazi akashuka miambani wakati wa maji kupwa, kwa saa zake mwenyewe, akaanza upya kutoka konokono wa kwanza.

Safari hii hakutaka kutegemea mfuniko. Alinunua rangi ya kucha. Kila mtoto alipofikia ukubwa wa punje ya mchele, alimshika kwa koleo chini ya hadubini, akamkausha kwa pumzi, akamtia nukta moja mgongoni kwa ncha ya sindano. Nyekundu kwa ukoo wa juu, zambarau kwa ukoo wa chini, fedha kwa wale wa mchanganyiko, ambao ndoa za wazazi wao alizifungisha yeye. Walipokuwa wakikua na nukta kufifia, alipaka tena. Binti yake, aliyekuwa msichana wa shule wakati huo, alilalamika kwamba mama anarudi nyumbani kila siku ananuka saluni, lakini kucha zake hazijawahi kuona rangi.

Haya yote nilikuja kuyajua baadaye. Mwaka wa kwanza na wa pili nilikuwa nikipita mbali na stoo. Nikihitaji glavu, nilimtuma mtu.

Halafu ikaja Jumanne moja ya joto kali. Hakukuwa na wa kumtuma, nikaenda mwenyewe. Shangazi hakuwapo, alikuwa amempeleka binti yake kliniki. Nilijipatia glavu zangu, na nilipogeuka nikaona ile friji chali, mlango wake wa kioo cha kuazima, na ndani yake mabeseni yenye vitone vya rangi vinavyotembea. Nilielewa mara moja. Nikaelewa na jambo la pili: friji haikuwa ikinguruma. Mkono niliotia kwenye maji haukusikia baridi. Kipimajoto kilikuwa kimefika thelathini na moja na kinapanda, na bati juu yetu lilikuwa likilia kwa jua.

Ningeweza kuondoka. Nasema wazi kwamba nililifikiria. Ingekuwa ajali, konokono wangekufa, na habari ile ingejizika yenyewe. Badala yake nilijikuta nakimbia kuelekea kantini, nikachukua barafu yote iliyokuwepo, ya juisi na ya maji ya wageni, nikarudi nayo kwenye ndoo. Niliifunga kwenye mifuko ya nailoni nikaizamisha beseni baada ya beseni, nikitazama kipimajoto kama mzazi anayetazama homa ya mtoto. Nilirudi kantini mara tatu. Mama wa kantini aliniambia kwamba nikija mara ya nne nimletee maelezo ya maandishi.

Shangazi alinikuta nimepiga magoti sakafuni, shati limelowa. Alitazama friji, akatazama barafu, akatazama kipimajoto kilichosoma ishirini na mbili. Alichomoa plagi, akaipangusa kwa kanga yake, akairudisha, akaipiga friji kofi moja ubavuni. Ikanguruma.

"Shangazi," nikasema, "siku ile ya kikao..."

"Najua."

"Niliiona chaki. Niliona kila mfuniko mahali pake."

"Najua uliona. Ulikuwa umesimama nyuma yangu, na viatu vyako vilikuwa vinalia." Akavua mkoba begani akautundika kwenye msumari. "Uliulizwa habari za mifuniko, ukajibu habari za mifuniko."

"Kwa nini hukusema kwamba niliona?"

Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akitafuta neno. "Kwa sababu ningekuwa nakuomba unisaidie," akasema, "na wewe ulikuwa umekwisha kunijibu. Iliniuma, mdogo wangu. Sitakudanganya kwamba haikuniuma. Nilikwenda nyumbani nikalia mpaka mume wangu akazima redio, na yeye hazimi redio hata kwa radi." Kisha akanyoosha mkono akachukua koleo. "Basi. Kama umekuja, umekuja. Nishikie taa, hawa wa zambarau wanne nukta zimefutika."

Nilimshikia taa mpaka saa kumi, na kila Jumamosi baada ya hapo kwa mwaka mzima. Ule ndio ukawa mwanzo wa elimu yangu. Shahada zangu zote mbili nilikuwa nimezipata kabla ya hapo, lakini kusubiri konokono aamue mwenyewe nilijifunzia stoo.

Kwenye mwaka wa tatu walizaliwa wajukuu. Hawa wote, wekundu, zambarau na wa fedha, walizaliwa ndani ya friji na wazazi waliozaliwa ndani ya friji. Hakuna kati yao aliyewahi kuguswa na wimbi. Shangazi alimwalika Profesa kwa barua ya mistari miwili, nami nikaipeleka kwa mkono wangu na kukaa mbele ya meza yake mpaka alipoinuka.

Profesa alikuja saa nne asubuhi. Hakuambiwa rangi ipi ni ukoo upi. Maana ya rangi iliandikwa kwenye karatasi, karatasi ikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikafungwa kwa gundi na kukaa mfukoni mwangu. Aliwachagua konokono mwenyewe, kumi kwa kila rangi, akawabandika kwenye kioo mwenyewe. Shangazi alisimama mbali, mikono nyuma, ili isije ikasemwa kesho kwamba aliwanong'oneza. Mimi nilimimina maji ya birika kidogo kidogo na kusoma nyuzi kwa sauti. Profesa aliandika.

Kwenye thelathini na saba zambarau wawili walianguka. Thelathini na nane, saba. Kabla ya thelathini na tisa hakukubaki zambarau hata mmoja. Arobaini, wakaanza wa fedha, mmoja mmoja, kama watu wanaoaga harusini. Wekundu walikuwa bado wote kwenye kioo. Arobaini na moja, bado. Profesa alikuwa ameshusha miwani kutoka kwenye paji la uso, na kalamu yake imesimama.

"Hawa wekundu," akasema, "bibi zao walitoka wapi?"

"Fungua bahasha, Profesa," Shangazi akajibu.

Nilimpa. Aliisoma, akaisoma tena. Kwenye arobaini na mbili wekundu wakaanza kuachia, na mlio wao mdogo chini ya beseni ndio pekee uliosikika chumbani. Profesa akaketi juu ya dumu la maji.

"Niliandika barua," akasema.

"Uliandika, Profesa."

"Watu wa vyuo sita wanajua kwamba fundi wangu ni mzembe."

"Basi waandikie tena. Ila kwanza tuwarudishe hawa kwenye baridi, wasije wakafa kwa ajili ya mazungumzo yetu."

Wote thelathini waliamka kabla ya chakula cha mchana. Na Profesa aliandika. Nakala za barua zile sita ninazo. Ndani yake hakujificha nyuma ya maneno makubwa. Anasema kwamba fundi hakuchanganya kitu, aliyechanganya ni yeye, alichanganya imani na ushahidi. Shangazi alirudi bandani wiki hiyo hiyo, na makala ilipotoka jina lake lilitangulia la Profesa, kwa amri ya Profesa mwenyewe.

Miaka miwili baadaye maabara ya wenzetu wenye mashine za kusoma vinasaba ilituthibitishia kilichosemwa na rangi ya kucha. Koo zile mbili, zilizotenganishwa na hatua thelathini tu, zinatofautiana sehemu kadhaa za urithi wao. Konokono wa juu hakujifunza joto. Kwa vizazi visivyo na idadi, walioshindwa na jiwe la saa saba mchana waliachia wakasombwa, na walioweza ndio waliobaki kuzaa.

Lakini Shangazi hakukubali Profesa avuliwe nguo zote. Ni yeye aliyeleta wazo la kutia harufu ya kaa kwenye maji, yaani maji tu aliyokaa kaa, bila kaa mwenyewe. Konokono wa koo zote mbili wakaanza kunenepesha magamba yao ndani ya wiki chache. Kumbe yapo wanayorithi na yapo wanayojifanyia kwa hofu ya leo. Alimpelekea Profesa daftari ofisini na kumwambia methali yake imepata nusu ya alama. Profesa, aliyekuwa anakaribia kustaafu, alicheka mpaka katibu wake akachungulia.

Mengine nitayapitia kwa haraka, si kwa sababu ni madogo. Amewafundisha kazi mafundi kumi na wanne. Watatu kati yao sasa wanaongoza mabanda ya matangi kwingine, na wote watatu, nimeambiwa, hupiga friji kofi. Ndiye aliyebandika mlangoni kile kibao kinachosema WENYEJI WAMELALA, INGIA KWA ADABU. Ndiye aliyempokonya kijiko mtafiti mgeni aliyetaka kukorogea chai kwa kijiko cha kupimia chumvi, akamwambia kwamba hapa kila kitu kina ukoo.

Na ndiye aliyetutuliza mwaka ule wa joto kuu, miaka minane iliyopita, bahari ilipochemka kwa wiki tatu na mwamba wa chini ukabaki mtupu, magamba matupu yamelundikana kama kokoto. Wengi wetu tulitaka kuleta konokono kutoka ghuba nyingine kwa magari. Yeye aliomba tumpe mwaka mmoja. Kila maji yalipokupwa alishuka na kuhesabu pale katikati, kwenye ukanda mwembamba ambapo koo mbili hukutana na kuoana. Huko walikuwapo mia mbili na kumi na tisa walio hai, mchanganyiko watupu. Mwaka uliofuata watoto wao walikuwa wameanza kushuka chini. Leo mwamba ule umejaa, na hatukuleta hata mmoja kutoka nje. Katika mkutano wa mwaka huo alisimama akasema sentensi moja tu, kwamba tusiwe wepesi wa kudharau wale wa katikati, kisha akaketi.

Mwezi uliopita ofisi ya utumishi ilitoa jalada lake ili kuandaa karatasi za kustaafu. Ile barua ya onyo bado ilikuwamo, imekuwa ya manjano. Katika hekaheka zote zile, hakuna aliyekumbuka kuifuta. Afisa utumishi, kijana mwungwana, alimwita akamwambia ataichana mbele yake.

"Usiichane," Shangazi akasema. "Daftari halichanwi ukurasa. Ukikosea, unapiga mstari mmoja, unaandika sahihi pembeni, unaweka tarehe."

Nilipoambiwa hayo, ndipo nilipojua kwa nini wiki mbili hizi nimeshindwa kuandika. Profesa alisahihisha lake akiwa hai, mbele ya vyuo sita. Mimi langu nilimwambia Shangazi peke yake, juu ya sakafu iliyolowa, na nikaona yatosha. Jumatatu hii nimekwenda ofisi ya utumishi, nimeomba jalada, na kwenye karatasi ya kikao iliyomo, kando ya saini yangu ya zamani, nimeandika: *Shahidi aliona pia kwamba kila mfuniko uliwekwa mbele ya tangi lake na kuzungushiwa chaki. Shahidi alinyamaza kwa kuogopa. Fundi hakukosea.* Nimeweka na tarehe ya siku hiyo. Na kwa kuwa ninyi mlisoma au mlisikia habari ya uzembe ule, nimeona mlisome na hili, kwenye jarida hili la watumishi.

Shangazi na mumewe wanaondoka wiki ijayo kwenda kwa binti yao, ambaye ni muuguzi katika mji wa bara, mbali na maji ya chumvi. Binti anatarajia mtoto wake wa kwanza. Bwana amekwisha kufunga mkoba wa zana, maana amesikia friji ya huko inasuasua. Yeye Shangazi hajawahi kukaa wiki nzima bila kuiona bahari tangu azaliwe, na ukimwuliza itakuwaje anasema kwamba atazoea, na asipozoea, mjukuu atazaliwa amezoea.

Shangazi, kwa niaba ya menejimenti, watafiti, mafundi, mama wa kantini ambaye bado anasubiri maelezo yangu ya maandishi, na kwa niaba yangu mimi, asante. Asante kwa kuhesabu pale tulipokisia. Asante kwa kuanza upya ulipokuwa na kila sababu ya kuacha. Kaa na wanao, cheka na mzee, lala mpaka jua likuamshe, na usitupigie simu kuuliza joto la maji. Likitushinda tutakupigia sisi, nawe utatugombeza. Kila la heri, na afya njema kwako na kwa wote utakaowalea.